Swali la Nyumba

Nikiulizwa nafanya kazi gani, mama yangu hujibu kabla sijafungua mdomo: anashika simu. Kwake hiyo ni kazi kama ya kushika jembe, tofauti ni kwamba jembe mtu huliweka chini akirudi nyumbani. Hakosei. Nina ukurasa wa habari za Kindu unaosomwa na watu wa ng'ambo zote mbili za mto, nina blogu iliyoutangulia ukurasa huo, nina vikundi ambavyo hata sikumbuki nani alinitia humo, na sina robo saa ya kutulia. Nachambua mchele huku simu imeegemea kopo la chumvi. Ikilia nashtuka, isipolia nashtuka zaidi.

Siku hizi Kindu imejaa wataalamu wa mitandao. Mtu anahudhuria semina ya siku tatu, anapewa karatasi yenye muhuri, anarudi mtaani na kifua mbele. Mimi nilianza zamani za kupanga foleni kwa mtu mwenye kompyuta moja na jenereta moja, na mpaka leo haipiti wiki bila jambo la kunirudisha darasa la kwanza. Miaka mingi niliandika kwa Kifaransa kizuri, mpaka mama mmoja muuza sombe, majani ya muhogo, akaniuliza sokoni kama nawaandikia wao au nawaandikia walimu wangu. Ilinichoma. Wiki iliyofuata nikaanza kutoa habari kwa sauti, kwa Kiswahili chetu, na wasikilizaji wakaongezeka hata nikaionea aibu ile miaka ya Kifaransa. Nikajifunza kukagua vivuli kwenye picha, nijue kama ni asubuhi kweli kama inavyodaiwa. Nikajifunza kwamba mtumbwi uliozama kwenye simu yangu unaweza kuwa wa mto mwingine na mwaka mwingine, na kwamba dawa yake ni kuteremka mtoni kuwauliza wapiga makasia wanaovusha watu kwenda Alunguli. Wenzangu walinicheka. Dunia yote iko mkononi, walisema, na huyu anakwenda kwa miguu.

Wacha wacheke. Somo kubwa kuliko yote katika kazi hii sikulipata kwenye mtandao. Nililipata wakati wa vita, kwenye foni.

Foni ilikuwa redio ya kusema na kujibiwa, imewekwa katika chumba kimoja cha matofali, inakula betri ya gari, na waya wake umepandishwa juu ya mti wa papai. Barabara zilikuwa zimefungwa na reli imelala. Mtu wa Kindu aliyetaka kujua ndugu zake wa Kibombo au Tunda wanaendeleaje, alikuja pale akapanga foleni. Nilikuwa na miaka kumi na saba, shule imefungwa, na kazi yangu ilikuwa kuandika daftarini ujumbe wa watu wale. Bosi wangu alikuwa mtu wa zamani wa reli, mfupi, mwepesi wa hasira, aliyeamini kwamba kila sauti inayotoka katika chombo kile ni ya mwongo mpaka ijitetee.

Alikuwa na sababu. Watu wenye bunduki walikuwa wakiitumia foni kuwavuta watu nje ya mji. Walimwita mtu kwa jina lake: njoo mpaka daraja fulani, baba yako anakungoja na gunia la mchele. Mji ulikuwa na njaa, na mwenye njaa katika maneno yote hayo husikia mchele tu. Alikwenda, na hatukumwona tena.

Ndipo bosi akabuni swali la nyumba. Kabla ya kupokea mwito wowote, alimtoa pembeni yule aliyeitwa na kumtaka ataje jambo ambalo ni watu wa nyumba yao tu wanaolijua. Mlango wa jikoni unatazama wapi, bibi alichechemea mguu gani. Kisha akaliuliza kwenye foni. Sauti ya upande wa pili ikisitasita, alizima. Niliwahi kumwona akizima huku mwanamke mmoja amemshika mkono, analia, anaapa kwamba ile ni sauti ya mumewe. Bosi alimwambia kwamba sauti si mtu. Neno hilo lilinikaa.

Niliipenda kazi ile kupita kiasi, na ndiyo iliyoniponza.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikuwa na miaka mitano. Risasi zilipoanza kusikika karibu na mji, mama akaamua apelekwe Tunda kwa ndugu zake pamoja na shangazi yetu. Yeye mwenyewe hakuweza kuondoka, baba alikuwa kitandani, mgonjwa. Wangekwenda kwa miguu wakifuata reli, na shangazi aliniomba nifuatane nao ili tupokezane kumbeba mtoto. Siku hiyohiyo bosi alikuwa ameahidi kunikalisha kwenye kipaza sauti kwa mara ya kwanza. Nilikataa. Nilimwambia mama kwamba foleni ni ndefu na watu wananihitaji. Ilikuwa kweli, walinihitaji, lakini si hilo lililonibakiza. Nilitaka kusema kwenye kipaza sauti. Niliondoka alfajiri kabla hawajafunga mizigo, ili nisimtazame shangazi usoni.

Hawakufika hata Kibombo. Walimiminiwa risasi njiani, watu wakatawanyika porini, na katika kukimbia huko mkono wa mtoto ukamponyoka shangazi. Alirudi baada ya wiki tatu, miguu imevimba, peke yake. Baba alikufa mwaka uliofuata, shangazi naye akafuata vita vilipokwisha. Wote wawili tuliwafanyia matanga. Mdogo wangu hatukumfanyia. Mama alikataa katakata. Alisema hakuna aliyeona maiti, na yeye hawezi kumsomea hitima mtu ambaye pengine wakati huo amekaa mahali anakula.

Kwa miaka mingi niliutumia ukurasa wangu kuwatafutia watu watoto wao waliopotea vitani. Wachache walipatikana, na siku hizo nilitembea mtaani kichwa juu. Wa kwetu sikumwandika. Nilijiambia kwamba fundi hachanganyi kazi na mambo ya nyumbani kwake. Uongo mtupu. Niliogopa. Nilijua ni watu gani wanaokuja ukishatandaza jeraha lako barabarani, na nilijua kwamba safari hii jeraha ni la mama.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, mama alinikuta nikirekodi tangazo la kumtafuta kijana wa jirani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba anaona nawatafuta watoto wa watu wote, akaenda zake kumwagilia mboga, na kulikuwa kumenyesha.

Niliandika siku ileile. Nilitaja umri wake, njia waliyofuata, kaptula ya bluu aliyovaa. Jambo moja nikalificha, kama nilivyofundishwa. Mdogo wangu hakukubali kula sinia moja na sisi. Alikuwa akiingia katika beseni la mama la kufulia, anakaa humo na sahani katikati ya miguu, na hapo ndipo chakula kilipopita. Hilo ndilo lilikuwa swali langu la nyumba: alikuwa akila wapi?

Walikuja, tena wengi. Wengine walitaka nauli kabla hata ya salamu. Niliwauliza wote. Mezani, alisema mmoja. Mapajani kwa bibi, alisema mwingine, na bibi yetu alikufa kabla mtoto hajazaliwa. Njia ya mwongo ni fupi. Niliwafungia mlango mmoja baada ya mwingine, na sitaficha, nilikuwa najisikia. Nilijiona kama bosi wangu mbele ya foni.

Kisha akaja huyu. Alikuwa akifanya kazi machimboni upande wa Kalima, mahali ambapo mtandao unapatikana ukipanda kilima tu, kwa hiyo ujumbe wake ulikuja kwa mafungu, halafu kimya siku nzima, siku mbili. Hakuomba kitu. Aliniita Yaya, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa. Alisema waliomlea walimwokota kando ya reli wakati wa vita. Nilimuuliza swali. Nilingoja siku mbili, nikaunguza wali mara mbili. Siku ya tatu ikaja sauti yake, upepo unavuma nyuma.

"Yaya, nilikuwa nakula mu beseni."

Sikumbuki nilivyofika uani. Mama alikuwa anatwanga sombe. Nilimwambia, naye akaendelea kutwanga mara mbili tatu hivi, kana kwamba mikono haijasikia. Akaniuliza kama nilimuuliza kweli. Nilimuuliza. Akaniuliza kama sikumtilia jibu mdomoni. Sikumtilia. Mama akaulaza mchi chini, akafunga kikwembe chake kiunoni vizuri, akaenda kwa jirani. Ilipofika alasiri mtaa mzima unajua. Alitoa godoro lililokuwa limewekwa juu ya kabati akalianika juani, akaniuliza kama machimboni wanapata samaki. Mwanamke aliyekataa kulia miaka yote hiyo hakulia hata siku ile. Mimi nililia kwa niaba ya wote.

Alhamisi ya wiki hiyo nilikuwa na somo. Chama kimoja cha vijana kiliniomba niwafundishe namna ya kuthibitisha habari, na nilikuwa nimekubali kabla ya haya yote. Ukumbi ulijaa, jenereta inanguruma nje, simu yangu imeunganishwa na mashine inayotupa picha ukutani. Niliwaeleza kwamba mtu huandika, husahau, lakini ukurasa hausahau, na kwamba ukipewa neno moja tu unaweza kufukua alichosema mtu miaka iliyopita. Niliwaomba wanipe neno. Walioneana haya. Nikaandika lililokuwa mdomoni mwangu wiki nzima: beseni.

Ukutani pakatokea maandishi yangu mwenyewe.

Niliyaandika Ramadhani moja ya zamani, nilipojaribu Kiswahili mara moja tu, wakati ukurasa ungali mchanga na nikitafuta wasomaji kwa udi na uvumba. Kumbukumbu za futari za utotoni. Nilieleza uji wa mama, tende za kugawana kwa kisu, na mdogo wangu aliyekula futari ndani ya beseni huku sisi wakubwa tukimtania kwamba tutamsuuza pamoja na vyombo. Hakuna nilichokiandika mwaka ule kilichosambazwa kuliko hicho. Watu walicheka Kindu, walicheka Kinshasa, walicheka mpaka Ulaya. Vijana wa ukumbini nao walicheka, na msichana wa mstari wa mbele akaniambia kwamba hadithi ni tamu. Nilishika meza kwa mikono miwili.

Kinyozi hajinyoi. Nilikuwa nimewafundisha watu wa mkoa mzima wasiache funguo zao mlangoni, na wangu niliutundika barabarani kwa mikono yangu, nikaupambia maneno mazuri, kisha nikasahau kwamba nimeutundika. Niliendelea kufundisha nusu saa nyingine; nilifundisha nini, sijui. Walipiga makofi.

Nilipanda pikipiki mpaka nyumbani kwetu Mikelenge, na njia nzima nilitunga maneno ya kumwambia mama, kila niliyoyatunga nikayaacha kwenye shimo lililofuata. Nilimkuta analigeuza godoro. Nilimwambia yote bila kuyapamba: kwamba niliandika zamani, kwamba yeyote aliyesoma angejibu, kwamba bado hatujui kitu. Nilitaka anipige. Angenipiga ningepumua. Alikaa kwenye ukingo wa kibaraza akautazama mkono wake wa kulia kwa muda mrefu.

"Muulize asubui ile nilimutia nini mu mukono," alisema.

Nilimuuliza alimtia nini. Akasema nimuulize kwanza yule. Na hapo nikaelewa kwa nini swali hilo linafaa: asubuhi ile ya kuondoka kwao mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kwenye foni. Katika maisha yetu yote hilo lilikuwa jambo ambalo sikuweza kuliandika, kwa sababu sikuliona.

Nililituma. Ikapita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikuandika kitu ukurasani. Watu wakaanza kuuliza kama nimeugua. Nilitembea uani kutoka mgombani mpaka langoni na kurudi, mpaka mama akaniambia nitachimba mfereji. Yeye alilitoa godoro kila asubuhi na kuliingiza kila mvua ilipotishia. Hakuniuliza kama amejibu. Alikuwa akiutazama uso wangu tu, na uso wangu haujui kuficha.

Jibu lilikuja siku ya nne, adhuhuri.

"Yaya," alisema, na nilimsikia anahema kwa kile kilima, "sijue."

Hasira iliyonipanda sikuwahi kuisikia kwa mtu yeyote, hata kwa wale wa nauli. Nilimuuliza kama alisoma yale maandishi ya beseni. Akakiri palepale. Aliyasoma zamani, akayasoma tena na tena. Nilimwita mwongo, nikamwita mwizi, nikamwambia ana bahati kwamba Kalima ni mbali. Kidole changu kilikuwa tayari kumfungia mlango kama wengine. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda wote akisikia sauti zote mbili, akanishika kiwiko.

"Muulize yeye anakumbuka nini."

Nilisema hana haja ya kukumbuka, si mtoto wetu. Mama akasema hilo analijua, yeye ameuliza jingine. Kwa hiyo nilimuuliza, kwa sauti ya mtu anayetema. Alikuwa bado kilimani. Jibu halikukawia.

"Sikumbuke kintu, Yaya. Wenye walinilea wanasema walinikuta ningali natambaa. Nilizani pengine walihesabu mubaya. Ile ya kwenu nilikuwa naisoma, naisoma, mupaka ikakuwa sawa yangu. Ya kwangu haiko."

Anayetambaa hana miaka mitano. Hapakuwa na la kuuliza zaidi. Nilikaa chini, kwenye udongo, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu miguu yangu haikutaka kwenda popote. Nilikuwa nimejisifu kwamba naitambua sauti ya mwongo, na huyu hakuwa mwongo. Alikuwa mtu aliyeokota utoto wa mwingine kwa sababu niliuacha wazi naye hakuwa na wake. Ujuzi wangu wote haukuwa na jina la mtu wa namna hiyo. Ulikuwa na majina mawili tu, wa kweli na wa uongo, na nilikuwa nimewafundisha vijana hayohayo mawili siku chache tu kabla.

Mama akasema niandike ya kijana huyu sasa. Nilimwambia haiwezekani. Tangazo la kumtafuta mtu linahitaji kitu cha kushika, kovu, jina, wimbo. Huyu hana hata kimoja.

"Andika kama iko muzima," alisema mama. "Mama yake hataomba ingine."

Niliandika. Maneno machache kuliko yote niliyowahi kuyatoa: kwamba kuna mwanamume aliyeokotwa kando ya reli wakati wa vita, angali anatambaa, na kwamba yu mzima. Nilimsomea yule kijana kabla ya kuyatoa. Akakumbuka kwamba waliomlea walimkuta amefungwa kikwembe, nao wamekitunza mpaka leo. Akaanza kunieleza rangi yake. Nilimkatiza. Nilimwambia asinitajie, wala asimtajie mtu yeyote, kibaki kwa walezi wake mpaka aje mwanamke wa kuitaja rangi hiyo mwenyewe. Akauliza kama hata mimi nisijue. Nikamwambia mimi kuliko wote.

Tangazo lake bado linazunguka. Wameshakuja wanawake kadhaa, na bado hakuna aliyeitaja rangi ambayo walezi wake wanaijua. Kila mara mmoja anapoandika narudia yaleyale: naamka, natazama simu. Ijumaa yule kijana hunitumia sauti akiwa kilimani kumsalimu mama, na mama humjibu kwa urefu, humuuliza kama amekula. Somo langu la vijana nimeligeuza. Sasa siku ya kwanza yote nawauliza ni mambo gani ya nyumba zao wameshayaweka hadharani, na ukumbi mzima huinamia simu ukifuta.

Alasiri ile, baada ya kulitoa tangazo, tulilikunja godoro pamoja, mama upande wake, mimi upande wangu. Nilimuuliza basi alimtia nini mdogo wangu mkononi asubuhi ile. Nilimuuliza kama binti, si kama mwandishi; ndivyo nilivyodhani. Mama alimaliza kufunga kamba, akaikaza, akalisukuma godoro kwangu nilipandishe kabatini.

"Nikikuambia," alisema, "utaandika."